Video Inapokwama Kwenye Sauti

Msikilizaji, fikiria chumba kimoja mjini Muscat, saa nne za usiku. Juu ya meza ipo kompyuta, na ubavuni mwake deki kuukuu ya kuchezea kanda za VHS. Kijana ameketi mbele ya kioo, na nyuma yake shangazi yake anasubiri kwa utulivu wa mtu aliyekwishasubiri miaka mingi. Ukanda uliomo ndani ya deki ulirekodiwa Ng'ambo, Unguja, mwaka 1992, siku ya harusi ya shangazi huyo. Ndani yake yumo mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, akimwombea dua bi harusi. Hakuna mahali pengine popote sauti ya mama huyo ilikohifadhiwa.

Kazi ya kuingiza ukanda katika kompyuta imekwisha tangu juzi. Kilichobaki ni kuligeuza faili hilo kubwa liwe dogo, la aina ya MP4, lipate kutumwa kwa jamaa walioko Leicester na Columbus. Programu inaanza vyema: asilimia 10, 20, 30. Inapofika asilimia 39 mstari unasimama. Chini yake yameandikwa maneno kwamba sauti inashughulikiwa. Nusu saa inapita bila badiliko lolote.

"Imekwisha, mwanangu?" anauliza shangazi.

"Bado, shangazi. Imekwama pale pale ilipokwama jana."

Huo ni mfano tu, lakini ni mfano unaojirudia katika nyumba nyingi za watu waliohama na kanda zao masandukuni. Na katika maneno ya kijana huyo, bila yeye mwenyewe kutambua, imo nusu ya jawabu. Amesema "pale pale".

Kabla ya kulifuata neno hilo, inafaa ieleweke kwa nini ni sauti, wala si picha, inayosimamisha kazi. Watu wengi hudhani kwamba faili la video ni kitu kimoja. Sivyo. Faili la video ni kasha. Ndani ya kasha hilo mnapita mikondo miwili, mmoja wa picha na mwingine wa sauti, kila mmoja umekatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kimepigwa muhuri wa wakati wake. AVI, iliyoanzishwa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992, ni jina la kasha. Vivyo hivyo MP4 na MKV. Ama MP3, AAC na AC-3, hayo ni majina ya namna sauti ilivyofungashwa ndani ya kasha. Ndiyo maana mafaili mawili yenye jina moja la mwisho yanaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa.

Programu ya kubadili video hufungua kasha la zamani, huvitoa vipande vya mikondo yote miwili, huvifungasha upya na kuvipanga katika kasha jipya. Kupanga huko ndiko kwenye mtihani. Mfano wake ni wapagazi wawili wanaopakia jahazi, mmoja amebeba magunia na mwenzake madebe, na nahodha ameagiza kwamba gunia na debe viingie kwa zamu, kwa kufuata saa iliyoandikwa juu ya kila kimoja. Siku mwenye madebe asipotokea, mwenye magunia naye husimama. Nyuma yake magunia yanazidi kurundikana gatini hadi pasiwe na nafasi ya kukanyaga. Kwa kompyuta, gati hilo ni kumbukumbu yake ya muda. Sauti inapokosekana kwa sekunde chache, picha zinangoja, foleni inajaa, na kazi yote inasimama. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hutoa onyo na kuacha. Nyingine hubaki kimya, na mtumiaji huachwa akitazama asilimia 39 hadi alfajiri.

Hata hivyo, si kila ukimya ni kuganda. Ziko programu zinazoisoma sauti yote kwanza, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya kugusa picha, na wakati huo mstari hausogei hata kidogo. Katika kompyuta zenye Windows, maneno yanayotokea juu ya dirisha kwamba programu haijibu yana maana moja tu: dirisha hilo halijaitikia wito kwa sekunde kadhaa. Huenda kazi inaendelea ndani. Njia ya kujua ni kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha kutazama kama programu hiyo bado inatumia nguvu za prosesa na bado inasoma diski. Tazama pia faili jipya linalotengenezwa: je, ukubwa wake unaongezeka kila baada ya dakika? Likiongezeka, subira ndiyo dawa. Lisipoongezeka, na prosesa imetulia kabisa, programu imeganda, na kungoja hadi asubuhi hakutaifungua.

Sasa lirudiwe lile neno la kijana. Mahali kazi inapokwama ni ushahidi, na inasikitisha kwamba watu wengi huufuta ushahidi huo kwa haraka ya kuanza upya. Jambo la kwanza ni kuijaribu kazi mara mbili na kuandika kwenye karatasi dakika inapokwama kila mara.

Ikikwama mwanzoni kabisa, kabla ya asilimia 1, aghalabu programu haikuielewa namna sauti ilivyofungashwa. Zamani, watu walipoambiwa hivyo, walikimbilia kupakua vifurushi vya kodeki, yaani vile vipande vya programu vinavyofungua na kufunga sauti na picha. Kifurushi kimoja kiliwekwa juu ya kingine, hadi kompyuta ikawa na kodeki tatu zinazogombea kufungua sauti ile ile. Ugomvi huo wenyewe ulikuwa chanzo kikubwa cha kuganda. Dawa ni kuviondoa vyote na kutumia programu iliyobeba kodeki zake yenyewe. Programu huria za VLC na HandBrake zimejengwa hivyo, na FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ndiyo injini iliyojificha ndani ya programu nyingi za kubadili video, zikiwamo baadhi ya zile zinazouzwa kwa fedha.

Ikikwama leo dakika ya 12 na kesho dakika ya 80, faili halina lawama kubwa; ichunguzwe kompyuta. Huenda inapata joto kupita kiasi, jambo lisilo geni Muscat mwezi wa Juni. Huenda diski ya nje imeunganishwa kwa waya uliolegea. Huenda programu ya kuzuia virusi inalifungua na kulipekua faili jipya kila linapoandikwa. Nakala ya faili iwekwe kwenye diski ya ndani, programu nyingine zifungwe, kisha jaribio lirudiwe.

Ikikwama karibu na mwisho, au kila mara faili jipya linapofikia ukubwa ule ule, itazamwe diski. Vijiti vingi vya USB huuzwa vikiwa vimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4. Video ya saa 2 kwa wastani wa megabiti 5 kwa sekunde inafika gigabaiti 4 na nusu. Itakwama, na hakuna ubaya wowote wa sauti hapo.

Linabaki lile la kukwama pale pale kila siku. Hapo ugonjwa umo ndani ya faili. Swali ni kama uko kwenye picha au kwenye sauti, na liko jaribio moja jepesi la kulijibu: iamuru programu ibadili video bila sauti. HandBrake, kwa mfano, inaruhusu kuuondoa mkondo wa sauti kabla ya kuanza. Kazi ikifika mwisho salama, picha haina hatia. Usidanganywe na jambo moja: faili hilo hilo likichezwa ndani ya VLC huenda lisionyeshe kasoro yoyote. Mchezaji wa video huruka mashimo na kuendelea, kwa sababu shabaha yake ni mtazamaji asikatizwe. Anayefungasha upya hawezi kuruka, kwa kuwa lazima kila sekunde ya picha aipe sekunde yake ya sauti.

Mashimo hayo yanatoka wapi? Katika kanda za harusi, chanzo chake hujulikana. Mpiga picha wa mwaka 1992 hakurekodi saa 2 mfululizo. Alisimamisha kamera wageni walipokuwa wakila, akaiwasha tena shughuli ilipoanza. Kila aliposimama na kuanza, mawimbi ya picha katika ukanda yalivunjika kidogo. Televisheni ya zamani ilivumilia jambo hilo. Picha ilitetemeka kisha ikatulia. Kifaa cha USB cha kuingiza video katika kompyuta hakivumilii. Kinapoipoteza picha, vifaa vingi huacha kurekodi kila kitu, sauti ikiwamo, hadi picha itulie. Ndipo saa inaruka: muhuri wa kipande kimoja unasema dakika ya 47 na sekunde 2, na kipande kinachofuata kinasema sekunde 6. Katika ukanda wa mfano wetu wa dakika 120, dakika ya 47 ndiyo asilimia 39.

Hapa ndipo ushauri unaotolewa kwa wepesi unapoweza kuleta hasara. Ushauri wenyewe ni huu: ng'oa sauti yote kutoka katika faili, iandike peke yake kama WAV, kisha iunganishe tena na picha. Njia hiyo ni sahihi, na mara nyingi ndiyo inayofanikiwa, lakini ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni ukubwa, nao si mzito. WAV haikandamizwi. Sauti ya video hupimwa mara 48,000 kila sekunde, kila kipimo kikichukua baiti 2, katika njia mbili za kulia na kushoto. Hizo ni baiti 192,000 kwa sekunde, sawa na megabaiti 691 kwa saa. Faili la WAV la kawaida haliwezi kupita gigabaiti 4, yaani zaidi kidogo ya saa 6, na programu nyingine za zamani hushindwa kwenye gigabaiti 2. Ukanda mmoja wa saa 2 uko salama. Anayeunganisha kanda nne pamoja hayuko salama.

Mtego wa pili ni hesabu ya vipimo. Sauti ya diski za muziki na za VCD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, ile ya DVD mara 48,000. Programu ikiyachanganya, sauti iliyopimwa kwa 48,000 ikasomwa kama 44,100, saa moja hugeuka kuwa dakika 65 na sekunde 18, na kila mtu hunena kwa sauti nzito na ya kuvuta. Marehemu atasikika kama mtu mwingine, na mjukuu asiyepata kumsikia akiwa hai atadhani ndivyo alivyokuwa.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Sauti inapong'olewa, programu nyingi huviunganisha vipande vilivyopo bila kujali shimo. Sekunde 4 zilizokosekana hufutika, na tangu hapo sauti yote inatangulia picha kwa sekunde 4. Midomo inacheza baada ya maneno. Likiwapo shimo la pili na la tatu, tofauti inazidi. Kinachotakiwa ni shimo kujazwa kimya cha urefu ule ule, ili saa zote mbili ziende pamoja. FFmpeg ina amri ya kufanya hivyo kwa kuifuata mihuri ya wakati. Asiyezoea kuandika amri anaweza kuifungua sauti katika Audacity, akatafuta mahali pa shimo kwa kuyalinganisha maneno na picha, akapachika kimya kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, lakini huonekana matokeo yake mara moja.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato: badili kuanzia mwanzo hadi dakika ya 46, ruka, kisha badili kuanzia dakika ya 48 hadi mwisho, na uviunganishe vipande viwili. Kama kilichorukwa ni wageni wakinawa mikono, si hasara kubwa. Lakini kamera huwashwa wakati jambo linapoanza. Mpiga picha aliiwasha tena kwa sababu mama wa bi harusi alikuwa amesimama kusema. Sekunde 4 zilizotoweka ni za maneno yake ya kwanza.

Na maneno hayo hayakupotea. Yamo katika ukanda, hayamo katika faili. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu ya kutotupa ukanda wala deki baada ya kuingiza video katika kompyuta. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwezi Julai mwaka 2016. Deki iliyopo nyumbani ikifa, nyingine haitoki kiwandani. Itatafutwa kwa mtu aliyeiweka stoo. Aidha, katika VHS ya kawaida sauti imeandikwa kwenye ukingo wa ukanda, mahali panapokunjika na kusuguliwa kwanza. Yafaa mchezo wa kurudisha na kupeleka mbele upunguzwe.

Namna ya kuzipata sekunde hizo ni kuiachia kompyuta sauti peke yake. Nyuma ya deki mna matundu ya waya, la njano kwa picha, na jeupe pamoja na jekundu kwa sauti. Deki za sauti ya njia moja huwa na jeupe tu. Waya wa sauti utolewe kwenye kifaa cha USB na uchomekwe kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta yenyewe. Kisha Audacity irekodi wakati ukanda unacheza kuanzia dakika ya 45 hadi ya 50. Njia hiyo haiijui picha wala haiingojei. Picha ikivunjika, sauti inaendelea kupita. Kipande kilichopatikana hupachikwa mahali pa kimya. Kwa kipande kifupi kama hicho, tofauti ndogo kati ya saa ya tundu la sauti na saa ya kifaa cha USB haisikiki. Kwa ukanda wote wa saa 2 ingeweza kusikika, kwa hiyo si busara kurekodi sauti yote kwa njia hiyo pasipo sababu.

Kuhusu jamaa wa Columbus, Marekani, miongozo mingi ya zamani huagiza video ya Unguja au Oman, yenye picha 25 kwa sekunde, igeuzwe iwe ya Kimarekani, yenye picha 29.97. Hilo lilihitajika enzi za deki na televisheni zilizoelewa mfumo mmoja tu. Faili la MP4 la picha 25 huchezwa na kompyuta na simu popote duniani. Kugeuza huko ni kuongeza mahali pengine pa kukwama.

Limebaki jambo dogo linalowasumbua Waswahili kuliko watu wengine, nalo ni jina la faili. Kijana wa Muscat aliliita faili lake "Harusi Ng'ambo 1992". Alama ile ya ng', isiyo na madhara yoyote katika barua, kwa programu kadhaa zinazoendeshwa kwa amri ni alama ya kufungua au kufunga maneno. Programu inayoorodhesha vipande vya kuunganisha husoma hadi hapo, ikadhani jina limekwisha, ikatafuta faili lisilokuwapo. Nyingine hutoa kosa, nyingine husimama bila neno. Majina yenye herufi za Kiarabu nayo huzisumbua programu za zamani. Wakati wa kazi, faili lipewe jina fupi la herufi za kawaida, bila nafasi. Jina zuri litaandikwa mwishoni.

Basi usiku wa tatu kijana anauzungusha ukanda hadi dakika ya 45, anachomeka waya mweupe, na kioo cha kompyuta hakionyeshi chochote ila mstari wa sauti unaopanda na kushuka. Mstari unalala kwa kitambo kidogo, pale kamera ilipozimwa. Kisha unanyanyuka. Inasikika bismillahi, na jina la bi harusi likitajwa kwa namna ambayo mama yake pekee alimwita. Shangazi hasemi kitu. Kijana anasimamisha, anahifadhi, na anapachika sekunde 4 mahali pake. Ananong'oneza midomoni huku akihesabu, anacheza picha na sauti pamoja mara mbili, kisha anaiamuru programu ianze upya. Asilimia 37, 38, 39, 40.